Pengo la Serikali

Palikuwa na nchi moja, na ingalipo, ambayo jina lake tumeombwa tusilitaje. Aliyetuomba alituomba kwa upole, akiwa ameshika rungu, nasi ni watu wa kuombeka. Katika nchi hiyo mambo yote yalikwenda vizuri, na pale yasipokwenda vizuri palikuwa na idara.

Idara mojawapo iliitwa Idara ya Usafi wa Nyimbo Kongwe. Ilikuwa na chumba kimoja nyuma ya jengo la Redio ya Taifa, kati ya chumba cha betri na choo cha wageni wa heshima. Humo alikaa Chausiku Lihame, fundi mitambo, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, pamoja na wembe wake, selotepu yake na mashine ya kanda yenye umri kama wake. Kazi yake ilikuwa kuondoa maneno machafu katika nyimbo za zamani kabla hazijachezwa hewani.

Tusimhukumu upesi. Chausiku mwenyewe hakuwa mwepesi wa kuhukumu, na mwanzoni kazi ilimpendeza. Wazee wetu waliimba vizuri, lakini baadhi yao waliimba mambo ya aibu. Kulikuwa na wimbo uliomcheka mwanamke asiyezaa, ukimtaja kwa jina na mtaa. Kulikuwa na mwingine uliomfananisha kilema na kiti kilichovunjika mguu, na bendi nzima ikaangua kicheko kwenye kiitikio. Mtaani kwao Chausiku, zamani, alikuwapo mama mmoja aliyezima redio kila wimbo ule wa kwanza ulipoanza, kisha akakaa kimya mpaka jioni. Chausiku aliyakata maneno yale bila huruma, na siku wimbo ulipochezwa ukiwa safi alijisikia kama aliyempelekea yule mama kikombe cha chai.

Alikuwa na utaratibu wake. Fundi mwingine angeweka filimbi juu ya neno, lakini yeye aliona filimbi ni kuwakosea adabu wapigaji. Alitafuta ndani ya wimbo uleule mahali gitaa linapopiga peke yake, akachukua kipande chenye urefu wa neno, akakibandika pale neno lilipokuwa. Neno linaondoka, mdundo unabaki. Anayecheza hajikwai. Ofisini walikiita kiraka.

Idara hiyo ilikuwa chini ya Mheshimiwa Zakayo Mtandika, Waziri wa Lugha Njema na Utulivu wa Masikio. Mara kwa mara Waziri alitoa waraka wa maneno mapya yaliyogunduliwa kuwa machafu. Matusi ya kawaida yalipokwisha, idara ilibaki haina kazi, na idara isiyo na kazi huanza kutazamwa na idara nyingine, kwa hiyo uchafu mwingine ukatafutwa. "Njaa" liliondolewa, kwa kuwa nchi ilikuwa imekwisha kuishinda. "Giza" liliondolewa wiki umeme ulipokatika. "Shimo" liliondolewa baada ya gari la Waziri kutumbukia ndani yake. Chausiku alikata yote. Alipofika kwenye "njaa" alisita kidogo, wembe mkononi, akajiambia huenda wakubwa wanaona kitu ambacho yeye, katika chumba kisicho na dirisha, hakioni.

Kisha likaja neno lenyewe. Tutaliandika mara moja tu, hapa, halafu tunawe mikono: lini.

Ilikuwa hivi. Waziri alikwenda kuzindua bomba la maji katika mji mmoja wa bara. Bomba lilikuwa zuri, limepakwa rangi za bendera, na mawaziri kadhaa waliotangulia walikuwa wamelizindua pia. Utepe ulipokatwa, bibi mmoja mwenye ndoo alinyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote maji yatatoka siku ipi, ila yeye alitumia lile neno fupi. Waziri alirudi mji mkuu siku hiyohiyo, amenuna, akawaita waandishi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimetukanwa. Nimetukanwa hadharani, mbele ya bomba. Neno lile mnaliona dogo. Lichunguzeni. Neno lile linasema, ulichoahidi hakijaja. Linasema, mimi nimechoka kungoja. Linasema, wewe ni mwongo ila nakupa nafasi ujitetee. Herufi nne tu, ndugu wananchi, na zimebeba matusi yote hayo. Kuanzia leo neno hilo na ndugu zake wote, wa kwa baba na wa kwa mama, ni tusi la daraja la kwanza."

Ndugu zake walikuwa "siku gani", "saa ngapi", na "mpaka" pale lisipofuatwa na kitu.

Nchi ikazoea. Ni nchi ya watu wanaozoea. Madaktari walimwuliza mgonjwa anaumwa wapi, wakamwuliza anaumwaje, mengine wakakisia. Kadi ya harusi iliyosahau kutaja siku haikuwa na wa kuulizwa, na wageni walipita ukumbini kila jioni wakiwa wamevaa, wakinusa kama kuna pilau. Walimu wa historia walibaki na majina ya vita na mahali vilikopiganwa, jambo ambalo wanafunzi walilipokea vizuri.

Wiki hiyohiyo mezani kwa Chausiku uliletwa wimbo mmoja. Uliitwa "Mlangoni". Mwimbaji, Bi Riziki Mwaleso. Bendi, Karafuu Mbili Jazz.

Hapakuwa na mtu katika nchi ile asiyeujua. Watu walichumbiana ukipigwa na wengine wakaachana ukipigwa. Unamhusu mwanamke anayemngoja mumewe aliyekwenda kutafuta kazi mbali. "Nimefagia ua," anaimba, "nimejaza taa mafuta, mwenzangu warudi..." na hapo, mwisho wa mstari, ndipo neno lilipokaa, likivutwa refu mpaka saksafoni ilipokee. Lilirudi katika kila ubeti. Kulitoa ni kung'oa mlango ukaacha kitasa.

Chausiku aling'oa. Aliweka kiraka cha gitaa ubeti kwa ubeti, taratibu, akitumia siku nzima. Alipomaliza alisikiliza. Bi Riziki aliimba, akavuta pumzi, akanyamaza. Gitaa likatembea peke yake. Saksafoni ikaingia. Mdundo haukutikisika hata kidogo, na Chausiku akaridhika.

Wimbo ulichezwa Alhamisi alasiri katika kipindi cha Wasaa wa Zamani. Gitaa lilipofika mahali pake, nchi nzima ikaitika.

Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Kinyozi aliitika akiwa na mashine kisogoni kwa mteja, na mteja naye akaitika. Foleni ya benki iliitika, wateja kwa sauti ya kwanza na makarani kwa sauti ya pili. Waombolezaji katika msiba mmoja waliitika, kisha wakaombana radhi. Mahabusu waliitika, na askari aliyewalinda akaitika, halafu akajifungia ndani pamoja nao, maana alikuwa mtu wa sheria.

Chausiku alikuwa chumbani kwake, anafuta wembe. Sauti ilimjia kupitia ukuta wa choo cha wageni wa heshima. Akauweka wembe chini. Akakaa.

Hadi jioni vituo vya polisi vilikuwa vimejaa, na shida ikawa namna ya kuwashtaki watu. Askari hakuweza kuandika neno lililosemwa, kwa kuwa kuliandika ni kosa. Hakuweza kuandika kwamba mshtakiwa ameimba wimbo mchafu, kwa kuwa wimbo ulipigwa na serikali, tena ukiwa umesafishwa. Mwisho Wizara ikatoa mwongozo: kila aliyekamatwa ashtakiwe kwa kujaza pengo la serikali.

Likabaki swali moja, na ndilo lililompandisha Chausiku ngazi mpaka ofisi ya juu. Pengo lenyewe limechimbwa na nani?

Mkuu wa idara, Bwana Anzuruni Feruzi, alikuwa mtu anayefunga dirisha kabla ya kumjibu mtu salamu. Alilifunga.

"Kaa, dada Chausiku. Umekula?"

"Nimekula, bosi."

"Vizuri. Kuna watu wiki hii chakula hakitawapita. Hebu nisaidie. Kwenye ule wimbo, neno lilipotoka, pale pakabaki nini?"

"Gitaa."

"Gitaa. Sasa gitaa ni kitu, au ni pengo?"

"Kwangu ni gitaa, bosi. Kwa mtu anayelingoja neno ni pengo."

"Usiniletee falsafa, mimi nina presha." Alijifuta jasho kwa ncha ya tai. "Kamati ya kulichunguza pengo inakaa Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti ni Waziri mwenyewe, na itarushwa moja kwa moja ili taifa lijifunze. Pengo lazima lipate mwenyewe. Likiwa la idara, hiyo ni hujuma. Idara ni mimi na wewe, na mimi wakati wa hujuma nilikuwa likizo. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Likiwa la yule bibi mwimbaji, kwamba alilitega ndani ya wimbo tangu zamani, basi wewe ulilikuta tu. Uliambiwa usafishe, ukasafisha, ukakuta shimo. Samahani. Ukakuta pengo."

"Lakini halikuwapo. Nililikata mimi."

Bwana Anzuruni alimtazama kama mtu anayetazama mkate ulioungua upande mmoja. "Una watoto?"

"Mmoja. Yuko chuo cha ualimu."

"Kwa ufadhili wa nani?"

"Wa serikali."

"Basi." Alinyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimenyooka tayari. "Bibi wa watu ni mtu mzima. Huko Kisiwa cha Mazingatio atapelekwa kwa muda mfupi tu."

Kisiwa cha Mazingatio hakikuwa gereza. Watu walipelekwa huko wakatafakari walichofanya, wakimaliza wanarudishwa. Bado hakuna aliyekuwa amemaliza.

"Kwa muda mfupi mpaka..." alianza Chausiku.

"Dada Chausiku."

Akalimeza neno lililobaki.

"Na siku hiyo utakaa wewe kwenye swichi ya kimya," alisema Bwana Anzuruni. "Matangazo yatacheleweshwa kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Mtu akichafua hewa, unabonyeza. Waraka huu hapa. Unakata neno chafu la mshtakiwa, la shahidi, na la msikilizaji. Soma, uelewe, usiongeze chako."

Chausiku aliusoma. Akausoma tena nyumbani. Hakuwa mtu wa kuongeza chake.

Jumamosi asubuhi alipofika Wizarani na nyaya zake, alimkuta Bi Riziki Mwaleso kwenye benchi la korido, na askari pembeni. Alikuwa bibi mnene, amejifunga kitenge cha kijani, miguu imevimba ndani ya kandambili. Sauti ile ya kwenye kanda haikuwa na mahali pa kujificha katika mwili ule, na bado Chausiku alimtambua kwa namna alivyopumua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa hawa au wa kule nje?"

"Wa hawa. Ndimi niliyeukata wimbo wako."

Bi Riziki alimkagua kuanzia viatuni. "Kumbe vimikono vyenyewe vidogo hivi. Nilidhani ni dume moja lina panga." Askari akacheka, akajikohoza. "Umekata vizuri lakini. Hata pumzi yangu ya mwisho hukuigusa. Mpiga gitaa wangu, Mungu amrehemu, angekuoa."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Umenirudisha ukumbini."

Chausiku hakuelewa, na uso wake ukasema hivyo.

"Hukuwahi kuja dansini, wewe?"

"Nilikuwa mdogo. Na baba hakuruhusu."

"Ndiyo maana. Ile ya kwenye kanda niliiimba nzima kwa sababu studio hamna watu. Ukumbini sikulitamka hata siku moja. Nikifika pale nafunga mdomo, nawanyooshea kipaza sauti, wanaitika wao. Gitaa linatembea, watu wanaitika. Kila Jumamosi. Sasa nyie mmekaa na vyeo vyenu, mkautengeneza vilevile kama ulivyokuwa ukumbini, mkaurusha nchi nzima, halafu mnashangaa wameitika. Wangefanyaje, mwanangu? Midomo yenyewe imezoea."

Chausiku alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Siku zote alijivunia kwamba kiraka chake hakionekani. Sasa aliona kwamba alikuwa ameitengenezea nchi nafasi yake ya zamani, akaipiga msasa, akaifungulia mlango.

"Wanataka niseme nililikuta," alisema polepole. "Kwamba pengo ni lako."

"Najua wanachotaka. Hata askari huyu anajua, na hakuna anayemwambia kitu." Askari akatazama ukuta. "Una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi sema litakalokusaidia. Mimi nimeshakula chumvi." Bi Riziki alisugua goti. "Kinachonisumbua ni bata wangu. Nimewaacha kwa jirani, akaniuliza kwa macho, maskini, hathubutu kwa mdomo. Nikamwambia nitarudi..." Akaacha hapo. Kisha akacheka kicheko kidogo kisichokuwa na furaha. "Unaona? Na mimi nimekatwa."

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa.

Ukumbi ulijaa. Meza kuu ilikuwa na kitambaa chekundu, na nyuma yake Mheshimiwa Mtandika, suti nyeusi, nywele zimepakwa mafuta zikatulia. Bi Riziki alipopita alimtazama, na Waziri akapata kitu cha kusoma. Chausiku aliketi pembeni kwenye mitambo yake, kidole juu ya swichi. Taa nyekundu ikawaka. Taifa lilikuwa likisikiliza, na kupitia madirisha ilionekana kwamba hata magari barabarani yalikuwa yameegeshwa, redio zimewashwa.

Wakili wa Serikali, Bwana Shauri, kijana mwenye miwani mikubwa, alianza.

"Mshtakiwa, wimbo huu uliuimba katika... Wimbo huu uliuimba ukiwa na... Wimbo huu uliuimba..."

"Niliuimba," Bi Riziki alimsaidia.

"Ndiyo. Ila nataka Kamati ijue kama ni kabla ya sheria au ni baada ya sheria."

"Sheria yenyewe ilipitishwa..." Bi Riziki aliacha mdomo wazi, akamngoja kwa heshima.

Wakili aligeukia meza kuu. Meza kuu ikatazama dari. Lilikuwa ni jambo dogo, ambalo lingemwokoa bibi yule papo hapo, na ukumbini hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuliuliza. Wakili akafunga jalada, akasema upande wa serikali umeridhika.

"Tuje kwenye pengo," alisema Waziri. "Shahidi, fundi Chausiku Lihame, ajibu akiwa palepale kwenye mitambo. Shahidi, lile pengo ulilikuta au ulilichimba?"

Bwana Anzuruni, katika safu ya pili, alimwitikia kwa kichwa kabla hajajibu.

Chausiku alimfikiria binti yake, amekaa bwenini na redio ndogo. Alitazama zile kandambili. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba Wakili alianza kupiga miayo kwa woga.

"Mheshimiwa," alisema, "neno lilikuwapo. Nililitoa mimi, kwa waraka wa Wizara. Pengo ni langu."

Minong'ono ikapita ukumbini. Bwana Anzuruni akaanza kumweleza jirani yake habari za likizo yake.

Waziri hakukasirika. Alitabasamu, na tabasamu lile lilimwogopesha Chausiku kuliko hasira. "Shahidi anamhurumia mshtakiwa. Huruma si ushahidi. Serikali hii ni ya kisayansi. Mshtakiwa ataimba hapa, mbele yetu. Akiliacha pengo, basi pengo ni lake la asili, na ataadhibiwa kwa kulitega. Asipoliacha, atakuwa amelitamka neno, na ataadhibiwa kwa kulitamka. Kwa njia hii haki haiwezi kumkosa."

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa kuwa safu ya mbele ilikuwa imeanza.

"Peke yangu, bila gitaa?" aliuliza Bi Riziki.

"Peke yako."

Alisimama kwa kushika benchi. Alipewa kipaza sauti, akakipuliza, akakisogeza mbali kidogo na mdomo kama watu wa kazi wanavyofanya. Kwa kisigino cha kandambili akaanza kugonga sakafu.

Sauti haikuwa ile ya kwenye kanda. Ilikuwa chini, ina mikwaruzo, na katikati ilikatika ikaunganishwa na kikohozi. Lakini ilitembea palepale ilipotakiwa kutembea. "Nimefagia ua," aliimba, na ukumbi ukasahau ulikuwa ukumbi gani. Mzee mmoja wa safu ya tatu aliweka leso mdomoni mapema. Askari wa mlangoni aliuma mkanda wa kofia yake.

"Nimejaza taa mafuta."

Kidole cha Chausiku kilikuwa palepale juu ya swichi. Akitamka, nitamkata, aliwaza, lakini ukumbi utakuwa umesikia. Asipotamka, wamempata.

"Mwenzangu warudi..."

Bi Riziki akafunga mdomo. Akaunyoosha mkono wote, kipaza sauti mbele, kama alivyofanya kila Jumamosi ya ujana wake, na kwa kuwa watu wa ukumbi ule walikaa nyuma yake, mkono ulielekea meza kuu.

Kisigino kiligonga. Chausiku alisikia kichwani gitaa lisilokuwapo, kiraka chake mwenyewe, kikitembea.

Neno likaja.

Lilikuja zima, kwa sauti nzuri ya pili, likavutwa refu mpaka pale saksafoni inapopokea. Mheshimiwa Zakayo Mtandika alikuwa amefumba macho, kidevu juu, shingo imelegea. Uso wake ulikuwa wa kijana anayesimama karibu na spika, asiyejua kucheza, aliyengoja wiki nzima kufika mahali hapa pa wimbo.

Chausiku alikuwa na muda wa kumeza mate. Waraka ulisema akate neno chafu la mshtakiwa, la shahidi, na la msikilizaji. Aliupitia kichwani kwa utaratibu, kipengele kwa kipengele, akimtafuta mwenyekiti. Hakumwona. Alipofika mwisho wa waraka, neno lilikuwa limekwisha kwenda hewani, na barabarani dereva mmoja alikuwa anapiga honi mahali pa saksafoni.

Waziri akafumbua macho.

"Nani amesema?" aliuliza.

Ukumbi ulitazama viatu vyake. Karani wa Kamati, mtu mwaminifu aliyezoea kusoma kila alichoandika, alisoma kwa sauti: "Mwenyekiti alijaza pengo."

Askari wa mlangoni alikuja taratibu, kofia mkononi, alama za meno bado zipo kwenye mkanda.

"Mheshimiwa, naomba uniwie radhi. Kuna mwongozo."

"Mwongozo wa nani?"

"Wako, Mheshimiwa."

Kesi zote ziliahirishwa. Ya Bi Riziki iliahirishwa kwa kuwa Kamati haikuwa na mwenyekiti, ya Chausiku kwa kuwa pengo lake lilikuwa sasa kidhibiti katika kesi ya mtu mkubwa, na za wale maelfu waliokamatwa Alhamisi kwa kuwa makarani wa mahakama walikuwa miongoni mwao. Hakimu hakusema zimeahirishwa hadi siku ipi, wala hakuulizwa. Bi Riziki alirudi kwa bata wake akingoja kuitwa. Chausiku alipewa likizo ya kungoja. Ufadhili wa binti yake ulisimamishwa kwa muda, na muda huo haukuweza kuulizwa urefu wake.

Kila Jumatatu washtakiwa walipanga foleni kwenye dirisha la masijala ya mahakama. Walikwisha kujua utaratibu: unafika dirishani, unasalimia, unasimama kidogo ukimtazama karani. Akitikisa kichwa, unakwenda zako. Hakuna aliyesema kitu, na foleni ilikwenda haraka.

Jumatatu moja Chausiku na Bi Riziki walikuwa wamekaribia dirisha walipomwona mbele yao mtu mwenye suti nyeusi, bila gari, bila mlinzi, nywele hazina mafuta. Hakuujua utaratibu. Alifika dirishani, akajiegemeza kwenye mbao, akafungua mdomo.

"Kesi yangu," alisema, "itasikilizwa..."

Akakwama.

Karani aliinua kalamu. Alikuwa mtu wa adabu. "Endelea, Mheshimiwa. Nakusikiliza."

Mheshimiwa Mtandika hakuendelea. Alijaribu tena, akafika palepale. Aligeuka kuitazama foleni, ndefu mpaka nje ya lango, kinyozi, makarani wa benki, waombolezaji, yule askari. Mkono wake uliinuka kidogo, kiganja wazi, kama anayewanyooshea watu kitu.

Foleni ilimtazama. Chausiku, ambaye masikio yake hayakuwahi kupata likizo, alijikuta anaupima ukimya ule, urefu wake, mahali ulipoanzia. Alimwona mtu amesimama katikati yake, hana pa kushika. Hakumchukia. Akasikia mdomo wake mwenyewe umeanza kufunguka.

Bi Riziki akamshika mkono.

"Tulia, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwache akae humo kidogo."